Chura Dume Mwenye Mayai

Muuza vyura alikuwa na majivuno ya aina moja tu, lakini alikuwa nayo ya kutosha mtaa mzima. Alijua kumtambua chura dume na chura jike kwa kumtupia jicho mara moja. Wenzake walijivunia nyumba ya ghorofa au mtoto aliye ng'ambo. Yeye alijivunia koo la chura. Ukimkuta kibarazani ukakosea ukamwuliza habari za kazi, basi umekwisha. Atakukalisha akueleze kwamba dume koo lake ni jeusi na limelegea kwa ajili ya kuwaitia majike, kwamba kidole gumba chake cha mbele kina sugu, na kwamba dume ukimbana kidogo kwapani hulalamika, ilhali jike hunyamaza na kukutazama tu kama mtu anayekuhesabia makosa. Mke wake husema hilo la mwisho angeweza kujifunza nyumbani bila kulowa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shule zenye maabara huhitaji vyura kwa masomo ya vitendo ya baiolojia, na lazima awepo mtu wa kuwakamata. Yeye aliwakamata katika bwawa lililo nyuma ya mashamba, akawatia kwenye ndoo mbili, ya bluu ya madume na nyekundu ya majike, akafunika kila moja kwa kitambaa kibichi, akazifunga kwenye baiskeli na kuzipeleka shuleni. "Bluu madume, nyekundu majike, sijakosea tangu nianze kutembea," ndivyo alivyowaambia walimu, wapya kwa wa zamani. Kisha aliondoka mbio. Mtaani walimwita Daktari, naye jina alilipenda, lakini Daktari huyu hakuwa amewahi hata siku moja kuona ndani ya chura. Damu ilimtia kizunguzungu. Nyumbani wakitaka kuchinja kuku, yeye hukumbuka ghafla kwamba ana safari.

Haya yote anayasimulia mwenyewe. Siku hizi akikaa na watu huanza kujicheka kabla wewe hujapata nafasi, na hujicheka vizuri kuliko utakavyomcheka wewe, kwa hiyo hakuna haja ya kumwonea haya.

Sasa, misimu kadhaa kabla ya mambo haya alipata wazo la kuwa mkulima. Ukingo wa bwawa ulikuwa na udongo mweusi na unyevu wa bure, na hakuna aliyeulima. Akafyeka matete, akapanda vitunguu. Magugu yakaja kwa kishindo. Akanunua dawa ya magugu na bomba la kubeba mgongoni, akapulizia, magugu yakalala chini kwa adabu. Msimu uliofuata akapulizia tena, na uliofuata tena, na kila mara akazidisha kipimo kidogo juu ya kile kilichoandikwa kwenye chupa, kwa sababu aliamini wanaoandika kwenye chupa ni watu waoga. Mbolea ya dukani nayo aliimwaga kwa mkono mkunjufu. Mvua ikinyesha, iliyozidi iliteremkia bwawani, naye hakuona ubaya wowote. Aliona kwamba maji nayo yanakula.

Halafu kuna lile jambo la kuosha bomba. Kuliosha nyumbani hakuthubutu: mkewe alifuga kuku, na mtu mwenye akili zake haoshi sumu mbele ya kuku. Kwa hiyo kila akimaliza kupulizia alilibeba bomba hadi bwawani, akaingia maji ya magotini, akalisuuza ndani na nje kwa uangalifu mkubwa, akarudi nyumbani akijisifu kwamba yeye ni mtu anayejali viumbe. Akifika hapa katika kusimulia hunyamaza kidogo, ili ucheke.

Wala bwawa halikuficha kitu. Lilimwambia yote, ila lilimwambia mtu mwenye furaha. Maji yalipogeuka kijani na kuwa mazito, alifurahi kwamba mbolea yake ina nguvu hadi majini. Samaki wadogo walipoelea tumbo juu asubuhi moja ya joto, alisema ni uzee. Mdiria, yule ndege wa bluu anayepiga mbizi, alihama, na korongo naye akahama. Muuza vyura akawaaga kwa moyo mweupe, maana walikuwa wanakula mtaji wake. Na madume walipoanza kupunguza kuimba, kidogo kidogo, hata ikawa mtu anaweza kulala dirisha wazi akasikia saa ya ukutani, alidhani wamestaarabika.

Basi. Alikuwa na binti wa mwisho, nyumbani wakimwita Kitinda, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule mojawapo iliyonunua vyura wa baba yake. Wenzake walimtania kwa ajili ya ndoo zile, naye hakuwajali. Kitinda alitaka jambo moja tu duniani, kusoma sayansi, na ukuta wa chumba chake ulijaa michoro ya penseli: jani la haragwe na mishipa yake, jicho la mbuzi alilopewa buchani, bawa la kumbikumbi. Alichora alichokiona. Jani likiwa na tundu la mdudu, na mchoro ulikuwa na tundu la mdudu.

Alasiri moja alirudi kutoka shuleni, akaweka karatasi mezani katikati ya vitunguu ambavyo mama yake alikuwa akivichambua, akakaa bila hata kuvua viatu.

"Mwalimu amenipa sifuri," alisema.

"Sifuri ya nini tena?" mama akauliza.

"Ya chura wa Baba."

Muuza vyura alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini. Katika maneno yote yale yeye alisikia mawili tu.

"Chura wangu amefanya nini?"

Kitinda akaeleza. Juzi walikuwa na somo la vitendo. Yeye alipewa chura wa ndoo ya bluu, akampasua, akachora. Akaonyesha kwa ncha ya penseli: hizi hapa figo, hizi hapa korodani mbili zilizokaa juu ya figo, kama zinavyotakiwa kukaa kwa dume yeyote. Na ndani ya korodani, punje ndogo nyeusi zimejipanga.

"Hizo punje ni nini?" mama akauliza.

"Mayai."

"Mayai ndani ya dume?"

"Mwalimu naye ameuliza hivyo hivyo. Kengele ililia, tukamwaga kila kitu kwenye taka kabla hajafika mezani kwangu, kwa hiyo yeye hakumwona. Ameona mchoro tu. Amesema chura wa namna hiyo hayupo. Nifute nichore upya kama kitabu kinavyoonyesha, nimpelekee Ijumaa. Nisipofuta ananitoa mchepuo wa sayansi, nikasome mambo mengine. Anasema mtu anayechora vitu visivyokuwapo hawezi sayansi."

"Si ufute tu, mwanangu," mama akasema. "Vidoti vyenyewe hivyo."

"Mama, niliviona."

Muuza vyura akajongeza kiti. "Hebu ngoja. Huyo mwalimu amesema mimi nimechanganya ndoo?"

"Amesema labda."

"Labda!" Akapiga meza, vitunguu vikabiringika. "Mimi? Labda? Mtu ananiambia mimi labda?"

"Baba watoto," mkewe akasema, akivifuata vitunguu chini ya kiti, "mtoto anatolewa sayansi, wewe unalilia ndoo."

Ilikuwa kweli, na aliilia hasa. Alisimama, akazunguka meza, akajipiga kifua, akataja majina ya shule zote alizowahi kuzihudumia bila lawama. Kitinda alimwacha amalize. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kusubiri mdudu atulie ili amchore.

"Baba," akauliza hatimaye, "yule chura alikuwa dume?"

"Dume wa kutupwa."

"Koo jeusi?"

"Jeusi."

"Hukukosea?"

"Nikosee mimi? Yule alikuwa dume kama mimi nilivyo baba yako."

"Basi na mimi sikukosea kuona," Kitinda akasema, akachukua karatasi yake, akaenda chumbani.

Muuza vyura alifungua kinywa amjibu, akakijaza chakula. Alikuwa amebanwa pande mbili. Kama ndoo ni sahihi, basi mtoto alimpasua dume na kuona mayai. Kama hapakuwa na mayai, basi mtoto wake ni mwongo, au kipofu. Mambo haya mawili aliyageuza kichwani siku iliyofuata yote, shambani na njiani, na kila alipoyageuza yalimtazama yeye. Mwishowe akakata shauri kufanya kile ambacho wenye majivuno hufanya wakikosa hoja: kwenda kugomba ana kwa ana.

Ijumaa asubuhi alishuka bwawani kutafuta madume wa ushahidi. Zamani ndoo ilijaa kabla umande haujakauka. Siku hiyo jua lilimkuta bado anapapasa matete. Wa kwanza aliyemkamata alikuwa dume safi, koo jeusi, mpiga kelele. Wa pili hivyo hivyo. Kisha akamkamata mmoja ambaye hakujua amweke wapi. Mwili wa dume, mwembamba, lakini koo limepauka, na sugu ya kidole gumba ilikuwa ya kubahatisha. Akambana kwapani. Chura akamtazama tu.

"Wewe umechoka," muuza vyura akamwambia, akamtia ndoo ya bluu.

Mkono ulipotoka ndani ya ndoo wazo moja lilimbishia hodi. Wa namna hii alikuwa ameshawakamata wengi msimu huu. Na msimu uliopita. Wote aliwaambia wamechoka. Muuza vyura akajifanya hayupo, wazo likasimama mlangoni kidogo, yeye akapanda baiskeli.

Njia nzima alifanya mazoezi ya maneno makali. Alikuwa amejiandaa kukutana na mwalimu mwenye kiburi, wa kuongea huku akitazama saa. Alimkuta kijana mrefu, mpole, amevaa koti jeupe lenye madoa ya wino mfukoni, akikausha mirija ya kioo kwa taulo. Kugombana na mtu mpole ni kazi ngumu sana. Unajikuta unapayuka peke yako.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu. Nilijua utakuja."

"Marahaba. Mwalimu, mimi kazi hii nimeianza wewe hujazaliwa, na sijawahi…"

"Sikusema umekosea, mzee. Keti kwanza."

Maabara ilikuwa na meza ndefu zenye makovu ya moto, sinki zenye kutu, na mifupa ya paka ndani ya sanduku la kioo. Kitinda alikuwa amesimama dirishani, ameshika mchoro wake. Hakuufuta. Muuza vyura aliliona hilo tangu mlangoni, kwa maana karatasi iliyofutwa huacha uchafu, na ile ilikuwa nyeupe.

"Nilimwambia binti kuna njia mbili," mwalimu akasema. "Ama ndoo zimechanganyika, ama alitazama vyura wawili, wake na wa jirani yake, akachora mmoja. Usiku nikakumbuka kuna njia ya tatu."

"Ipi?"

"Chuoni tulisoma kwamba ziko dawa za shambani ambazo zikiingia majini, chura dume anaweza kuota mayai. Lakini nilisoma tu, mzee. Sijawahi kuona kwa macho, na siwezi kumpa mwanafunzi alama kwa kitu nilichokisoma mara moja zamani." Akaweka mrija chini. "Hilo bwawa lako, juu yake pana shamba?"

"Kapo kashamba kadogo."

"Ka nani?"

Kitinda alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Kila likizo alipalilia vitunguu vile. Jembe lake mwenyewe lilikuwa limechomekwa pale pale, kwenye tuta la mwisho.

"Ka watu," muuza vyura akasema.

"Watu gani?"

"Watu tu. Wanalimalima."

Kitinda aligeuza uso akamtazama baba yake, kisha akaurudisha dirishani. Muuza vyura akatazama mifupa ya paka kwa makini, kana kwamba alikuja kuinunua.

"Basi tumpasue mmoja," mwalimu akasema. "Binti apasue mwenyewe, mimi nikiona."

Hapo muuza vyura alikumbuka safari. Alianza hata kuaga, lakini mwalimu alishamvutia kigoda. "Wewe ndiye shahidi, mzee. Utaondokaje?" Akakaa. Chura wa kwanza aliingizwa kwenye chupa yenye pamba ya dawa ya usingizi, akasinzia, akalazwa chali kwenye kibao, akashikizwa kwa pini. Wanafunzi waliokuwa mapumzikoni wakajazana madirishani. Muuza vyura akainua macho darini, akayaacha huko huko.

Alisikia mkasi. Alisikia jasho likimshuka ndani ya shati. Akaanza kumwomba Mungu. Aliomba chura awe mzima, kwa maana chura mzima maana yake ndoo safi, jina safi, na vitunguu visivyo na hatia. Aliomba kwa bidii. Kisha macho yakamteleza kutoka darini, yakaangukia mkono wa binti yake, ule mkono mwembamba wenye doa la penseli kwenye kidole cha kati, unakata taratibu bila kutetemeka. Ndipo akaelewa alichokuwa anakiomba. Chura akiwa mzima, mkono huu utatolewa humu ndani. Akabadilisha dua haraka haraka. Akaomba chura awe mgonjwa, mgonjwa kabisa, na akamwomba Mungu asisikilize ile ya kwanza.

Lakini alikuwa amechelewa.

"Korodani mbili, za manjano," mwalimu akasema, ameinama na kioo cha kukuzia. Akasogeza, akageuza, akatazama tena. "Safi. Sioni kitu." Akainuka, na uso wake haukuwa na furaha yoyote. "Mzee, ndoo yako haina kosa. Huyu ni dume, na ni mzima."

Kila kitu alichokijia muuza vyura kilikuwa kimewekwa mkononi mwake. Jina lake lilikuwa salama. Biashara salama. Shamba la watu salama. Kilichobaki ni kushukuru, kubeba ndoo na kupanda baiskeli. Alingoja furaha ije. Akatafuta hata dalili yake. Aliona tu Kitinda akifuta mkasi kwa pamba, kwa uangalifu, mpini hadi ncha, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Nitatoka sayansi, mwalimu," Kitinda akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Ila sifuti."

"Pasua mwingine," muuza vyura akasema.

Wote wawili wakamgeukia. Yeye mwenyewe nusura ageuke kutafuta nani amesema.

"Mzee, kwa haki kabisa tumeona."

"Mwalimu, nakuomba. Pasua mwingine." Akasimama, akatumbukiza mkono ndoo ya bluu. Yule mpiga kelele wa pili akaruka, akamwacha. Alishuka hadi chini kabisa, akamkuta anayemtafuta, ametulia pembeni, hana neno na mtu. Akamtoa, akamweka kiganjani mwa mwalimu. "Huyu."

"Kwa nini huyu?"

"Kwa sababu huyu sina hakika naye."

Mwalimu hakujua maneno hayo yana uzito gani. Kitinda alijua. Tangu azaliwe hakuwa amewahi kumsikia baba yake akisema hana hakika na chura.

Safari hii muuza vyura alitazama. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, chumba kikamzunguka mara moja, kikarudi mahali pake, naye akabaki wima. Alishangaa jinsi ndani ya chura palivyo padogo na palivyopangwa, kama begi la mtu anayejua kusafiri. Miaka yote ile aliwauza bila kujua. Kitinda akasogeza utumbo pembeni kwa sindano. Figo zikaonekana. Korodani mbili zikaonekana, za manjano, mahali pake. Na ndani yake, punje ndogo nyeusi, zimejipanga.

Mwalimu aliinama muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa, akainama tena.

"Loo," akasema. Kisha, "Binti, nisamehe."

Alichukua mchoro, akaikata ile sifuri kwa wino mwekundu, akaandika alama kamili, akatia sahihi. Madirishani wakapiga vigelegele bila kujua ni vya nini. Kitinda alicheka hadi machozi yakamtoka, na muuza vyura akapiga makofi kuliko wote, akawapa mikono hata wanafunzi asiowafahamu. Huenda yeye ndiye mtu pekee aliyewahi kushangilia namna ile huku kazi yake ikiota nyasi mbele ya macho yake.

Maana mwalimu alipokaa, alikaa kwa uzito. Alisema kwa upole kwamba shule haitaweza tena kuchukua vyura wa bwawa lile, na kwamba itambidi awaambie walimu wa shule nyingine. Kijito kilichotoka bwawani kilipita nyuma ya nyumba za watu, ambao hufulia na kunyweshea mifugo humo. Nao lazima waambiwe. Ataandika kwa ofisi ya maji wiki hii hii.

"Na barua hiyo itaambatana na mchoro wako," akamwambia Kitinda. "Umefanya kazi nzuri kuliko mimi. Lakini haujakamilika. Kitu kama hiki lazima kiandikwe kimetoka wapi na karibu yake pana nini. Andika hapo chini, tuifunge."

Kitinda akakaa, akaandika. Muuza vyura alisimama nyuma ya bega lake akasoma kadiri penseli ilivyokwenda: chura dume, bwawa lililo nyuma ya mashamba, chini ya shamba la vitunguu la. Hapo penseli ikasimama.

Mwalimu alikuwa anangoja. Jibu alishapewa, tena na mtu mzima, mbele yake. Kitinda hakumtazama mwalimu. Aligeuka akamwinulia baba yake uso, na uso ule haukuwa na hasira. Hasira angeiweza, angeijibu kwa kelele. Binti alikuwa anauliza tu. Na muuza vyura aliona waziwazi kwamba akisema tena "la watu," Kitinda ataandika. Aliyekataa kumdanganyia mwalimu kwa penseli, tena sayansi yake yote ikiwa hatarini, atadanganya kwa ajili yake yeye, kwa mwandiko wake mzuri, kisha atakunja karatasi na kurudi nyumbani naye, na hatamtajia jambo hilo maisha yake yote.

"Shamba la nani, Baba?"

Akamgeukia mwalimu.

"Wale watu, mwalimu, ni mimi," akasema. "Shamba ni langu. Dawa nanunua mimi, napulizia mimi, nazidisha mwenyewe. Na bomba nikimaliza naliosha mle mle majini." Alijaribu kucheka, kwa kuwa ndiyo njia aliyoijua ya kutoka katika aibu, lakini kicheko kilifika nusu ya njia kikakataa. "Mimi nilidhani wanachoka tu. Nilikuwa nawaambia, wewe umechoka."

Mwalimu alimsogezea kile kigoda, naye akakaa kwa sababu ilibidi.

Kitinda alikuwa ameinama tena juu ya karatasi, pua karibu iguse meza. Aliandika kidogo, akatua.

"Dawa inaitwaje?"

Akamtajia. Lilikuwa jina refu la kigeni, la herufi nyingi, alilokuwa akilitamka kwa mbwembwe dukani ili watu wajue anajua.

"Polepole, Baba," Kitinda akasema bila kuinua kichwa. "Nisije nikakosea."

Akarudia polepole, kipande kwa kipande, na binti yake akaandika.